Kisima Chako Kikianza Kuwa na Chumvi

Msomaji, kama unaishi popote katika mwambao wetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, huenda umewahi kumsikia jirani akilalamika kwamba kisima chake kimeharibika. Maji yaliyokuwa matamu miaka kumi iliyopita sasa yana ladha ya chumvi. Sabuni haitoi povu, maharagwe yanachelewa kuiva, na majani ya mchicha yanaungua pembeni kana kwamba yamepitiwa na moto. Lalamiko hilo hupelekewa fundi wa visima, na pengine afisa wa kilimo. Kwa daktari halifiki. Leo nataka kukueleza kwa nini lingefaa kufika kwa daktari pia, kwa sababu maji yale yale yanayounguza mchicha ndiyo yanayopikiwa chai, ndiyo anayokunywa mama mjamzito, na ndiyo yanayochanganywa na dawa ya mtoto anayeharisha.

Tuanze chini ya ardhi, maana ugonjwa huu huanzia huko.

MAJI MATAMU HUELEA

Sehemu kubwa ya ardhi iliyo karibu na bahari hapa Pwani ni mchanga na mwamba wa matumbawe. Vyote viwili hunywa maji ya mvua upesi. Mvua ya masika ikinyesha, maji hayo huzama na kujikusanya chini, lakini hayapati sakafu ngumu ya kukalia. Chini yake kuna maji ya bahari ambayo yamepenya ndani ya mwamba kutoka ufuoni. Kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko maji ya mvua, yale matamu hukaa juu, yakielea kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mji wa Lamu umeishi kwa hali hiyo kwa karne nyingi: visima vinavyoulisha viko Shela, chini ya vilima vya mchanga vinavyohifadhi mvua.

Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwanzoni mwa karne ya 20, kila mmoja kwa wakati wake, waligundua hesabu ambayo ningependa kila mwenye pampu aijue. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hii ni habari njema mpaka uigeuze. Ukivuta maji hadi uso wake ushuke kwa mita 1 na ubaki hapo, mpaka wa maji ya chumvi hupanda, baada ya muda, kwa mita zipatazo 40. Kisima hakihitaji kukauka ndipo kiharibike. Kinaweza kuwa na maji tele, nawe ukafurahi, kumbe chumvi iko njiani inapanda.

Kwa sababu hiyo ushauri unaotolewa mara nyingi kisima kinapoanza chumvi, yaani kichimbwe zaidi, ni ushauri mbaya. Kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi kwake. Katika ardhi ya namna hii kisima kifupi kinachovutwa polepole ndicho kinachodumu. Wazee waliochimba visima vya kamba na ndoo hawakuwa na hesabu za Herzberg, lakini ndoo yenyewe iliwazuia kuvuta kupita kiasi. Pampu ya dizeli nayo ilikuwa na breki yake, ambayo ni bei ya mafuta. Pampu za umeme wa jua zilizoenea miaka ya karibuni hazina breki yoyote. Jua likichomoza zinavuta, na hakuna anayelipa kitu kuzizima au kuziacha. Sizipingi, kwa maana zimewaondolea kina mama wengi mzigo mkubwa kichwani. Nasema tu kwamba kitu kisicho na gharama ya kukiendesha kinahitaji mtu wa kukizima.

Ongeza hapo mambo mengine: visima vya nyumba za kukodisha na hoteli vilivyosongamana ufuoni, mchanga unaochotwa kwa ajili ya ujenzi ilhali ndio uliokuwa ukihifadhi mvua, miaka ya ukame kama 2016 na 2017, na bahari yenyewe ambayo duniani kwa jumla imepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne iliyopita.

Sasa tazama shambani. Chukua ekari moja ya mboga inayomwagiliwa milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni lita kama 20,000. Ikiwa kila lita ina gramu 1 tu ya chumvi, mkulima huyo anamwaga kilo 20 za chumvi katika ekari yake kila siku, yaani gunia la kilo 50 kwa siku mbili na nusu. Mmea unakunywa maji na kuacha chumvi. Jua linakausha maji na kuacha chumvi. Mvua ikija inaiosha chumvi hiyo na kuirudisha chini, na katika ardhi ya mchanga inarudi moja kwa moja kwenye kisima kile kile ambacho kitavutwa tena kiangazi kijacho. Pamoja na chumvi huteremka mabaki ya mbolea, ambayo nitayataja tena hapo chini.

Huko bara chumvi inaweza kuja kwa njia iliyo kinyume na hii. Katika mashamba ya mifereji yasiyo na mitaro ya kutolea maji, maji ya chini ya ardhi hupanda badala ya kushuka, yakibeba chumvi iliyokuwa imelala udongoni. Australia Magharibi walijifunza jambo hilo kwa hasara kubwa: walikata misitu ili kulima ngano, miti iliyokuwa ikinywa maji ya chini ikatoweka, maji yakapanda, na mashamba makubwa yakageuka nyika za chumvi. Kwa hiyo maji yapande au yashuke, mkulima asiyejua yamesimama wapi hana habari ya kinachomjia.

CHUMVI MWILINI

Chumvi tunayoizungumzia ina sodiamu ndani yake, na sodiamu ndiyo inayotushughulisha sisi madaktari. Mwili unaihitaji, lakini kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ikizidi, mwili hushikilia maji ili kuizimua, damu huongezeka ndani ya mishipa, na shinikizo hupanda. Figo hujitahidi kuitoa usiku na mchana. Kwa mtu mwenye figo nzima na umri mdogo huenda kusiwe na dalili yoyote kwa miaka. Kwa mwenye presha tayari, mwenye moyo dhaifu, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, mzigo huo ni mkubwa.

Tufanye hesabu. Katika maji yaliyochanganyika na bahari, sodiamu ni karibu thuluthi ya chumvi zote zilizomo. Kisima chenye miligramu 2,000 za chumvi kwa lita, ambacho ni sawa na kikombe kimoja cha maji ya bahari kilichomwagwa katika vikombe 17 vya maji matamu, kina sodiamu ipatayo miligramu 600 kwa lita. Mtu anayekunywa lita 3 kwa siku, chai na uji vikihesabiwa, amemeza gramu 1.8 za sodiamu. Hajagusa samaki, hajagusa mkate, hajatia chumvi kwenye mboga, na tayari fungu lake la siku limekwisha.

Nilikuwa na mgonjwa wa makamo, mkulima wa nyanya na bilinganya karibu na ufuo. Shinikizo lake lilikuwa 170 kwa 100 na halikutaka kushuka. Dawa alizinywa, maana tulizihesabu pamoja. "Chumvi niliiacha tangu mwaka jana, daktari," aliniambia, na mkewe akathibitisha kwamba mchuzi wa nyumba hiyo ulikuwa umepoa kabisa. Nilimwomba alete chupa ya maji ya nyumbani. Yalipopimwa yalipita miligramu 2,000. Alikuwa akinywa karibu lita 4 kwa siku kwa sababu ya jua la shambani, na wala hakuyaonja chumvi, kwani ulimi huzoea. Mzee huyo alikuwa akinywa kila siku kijiko kizima cha ile chumvi aliyoiacha mezani. Alianza kunywa maji ya mvua kutoka jabia la msikiti, dawa zikabaki zile zile, na baada ya miezi miwili presha ilisoma 144 kwa 90. Ni kweli kwamba sehemu ya chumvi hutoka kwa jasho, na mkulima hutoka jasho jingi, lakini haitoki yote. Tena baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojosha, hupungukiwa nguvu mgonjwa akiendelea kumeza sodiamu kwa wingi.

Mgonjwa mmoja si ushahidi. Ushahidi mwingi umetoka Bangladesh, nchi ambayo pwani yake imeingiliwa na bahari kuliko yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 kuhusu wanawake wajawazito 969 katika eneo la Dacope ulionyesha kwamba katika miezi ya kiangazi, maji yanapokuwa na chumvi zaidi, wajawazito kama 12 kati ya 100 walikutwa na shinikizo la juu la damu. Katika miezi ya mvua walikuwa kama 5. Mwenzangu yeyote aliyewahi kumhudumia mama mwenye kifafa cha mimba usiku, gari la wagonjwa likiwa mbali, hatazipita tarakimu hizo haraka.

Lakini ni haki nikupe na upande wa pili. Mwaka wa 2019 watafiti wengine katika nchi hiyo hiyo walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: watu waliokunywa maji yenye chumvi kidogo walikuwa na presha ya chini kidogo kuliko waliokunywa maji matamu. Maelezo yao ni kwamba maji ya namna hiyo huwa pia na kalisi na magnesi, madini ambayo huenda yanasaidia mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani lenyewe halijaweka kiwango cha sodiamu katika maji kwa sababu ya afya. Miligramu 200 kwa lita inazotaja ni za ladha tu. Kwa hiyo usiogope kila kisima chenye ukali kidogo. Maoni yangu, baada ya kuyapima yote hayo, ni kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa maji ya chumvi kidogo bila wasiwasi, ila mjamzito na mgonjwa wa presha, moyo au figo wasisubiri wanasayansi wamalize kubishana.

Mama mjamzito anayetumia kisima cha chumvi apimwe presha kila anapokwenda kliniki, na asikubali kurudi nyumbani bila kupimwa. Akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni, akivimba uso na mikono, au akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili hizo ni za hatari hata kwa mwenye kunywa maji matamu kabisa.

Sasa kuhusu watoto. Ile dawa ya pakiti ya mtoto anayeharisha, ambayo huchanganywa katika lita 1 ya maji safi, imepimwa kwa uangalifu: ikichanganywa sawasawa ina sodiamu gramu 1.7 hivi kwa lita. Ukiichanganya kwa maji ya kisima ambayo tayari yana gramu 1 ya sodiamu, mtoto anapata gramu 2.7. Kwa mtoto aliyepungukiwa na maji, chumvi ya namna hiyo inaweza kumletea kiu kali, kuchachawa na hata degedege. Weka akiba ya maji matamu, ya mvua au ya bomba, kwa kazi hiyo tu, uyachemshe na kuyapoza. Lakini elewa vizuri: kama hakuna maji mengine na mtoto anaharisha, usimnyime dawa. Mpe, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya. Maziwa ya kopo nayo yasikorogwe kwa maji ya chumvi. Na shamba lililo karibu na kisima likitiwa mbolea nyingi, mabaki yake ya naitreti huweza kudhuru damu ya mtoto mchanga yakipita miligramu 50 kwa lita. Kuchemsha hakuyaondoi.

Hakuiondoi chumvi pia. Maji hupungua kwa mvuke, chumvi hubaki, na yaliyobaki sufuriani huwa makali zaidi. Dawa ya klorini huua vijidudu lakini haigusi chumvi. Kitambaa na chujio la udongo vivyo hivyo. Kuna mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba na kuacha chumvi nyuma. Inafanya kazi, ila inataka umeme na matengenezo, na yale maji makali yanayobaki yakimwagwa karibu na kisima yatarudi humo humo.

Jambo jingine nisingependa ulifanye ni kukiacha kisima cha chumvi ukakimbilia maji ya dimbwi kwa sababu ni matamu. Kipindupindu huua kwa siku moja, presha huchukua miaka. Maji ya dimbwi yakiwa ndiyo pekee yaliyo matamu, yatibiwe kwanza kwa klorini au yachemshwe.

PIMA, USIONJE

Ulimi si kipimo. Maabara za maji hutoa karatasi yenye tarakimu nyingi, lakini wewe tafuta tatu: jumla ya chumvi zilizoyeyuka, sodiamu, na naitreti. Jumla ya chumvi ikiwa chini ya miligramu 600 kwa lita, maji ni mazuri kwa kunywa. Ikipita 1,000 yanaanza kukataliwa na watu wengi. Kwa shamba, kipimo kinachotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ni hiki: chini ya 450 mwagilia utakavyo, kati ya 450 na 2,000 chagua mazao, na juu ya 2,000 utapata taabu. Maharagwe na vitunguu hushindwa mapema, mahindi huvumilia zaidi kidogo, nyanya zaidi ya hapo, na pamba huvumilia chumvi kuliko yote hayo. Kuna vipimo vidogo vya mkononi vinavyotumia betri ambavyo kikundi cha wakulima kinaweza kununua kimoja na kukizungusha. Pima mwishoni mwa kiangazi, na tena baada ya masika. Pima pia kina kwa kamba yenye mafundo, alfajiri kabla pampu haijawashwa, tarehe moja ya kila mwezi, na uandike katika daftari. Daftari la miaka mitatu litakuambia kisima kinakwenda wapi kabla ulimi haujaambiwa.

Ukiona chumvi inapanda, punguza kasi ya pampu na uipumzishe. Saa sita za kuvuta polepole ni bora kuliko mbili za kuvuta kwa nguvu. Visima viwili vifupi vilivyo mbalimbali ni bora kuliko kimoja kirefu. Mwagilia jioni, kwa matone ikiwezekana, kwenye shina na si juu ya majani, na utandaze nyasi kavu ili jua lisinyonye maji na kuacha chumvi juu ya udongo. Kisima kipya cha pampu kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji pamoja na ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Najua wengi huiona ripoti hiyo kama njia ya kuwatoa watu pesa. Ndani yake, hata hivyo, ndimo mnamoandikwa uvute kiasi gani, na ukurasa huo ndio wa kusomwa kwanza.

Na mvua? Paa la mabati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hutoa lita 500. Familia ya watu sita ikitenga lita 5 kwa kila mmoja, za kunywa na kupikia tu, itatumia lita 30 kwa siku, yaani lita 2,700 kwa miezi mitatu ya Januari hadi Machi. Tangi la lita 3,000 linatosha, na mvua za vuli zikija vizuri hulijaza. Kufulia, kuogea na kunyweshea mifugo viendelee kwa kisima. Maji ya kwanza ya mvua yaachwe yamwagike, kwani yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika mdomo wa tangi au jabia kwa wavu ili mbu wasitage humo, safisha mfereji wa paa kabla ya msimu, na maji ya kunywa uyatie dawa au uyachemshe. Ikiwa nyumbani kuna mjamzito au mgonjwa wa presha na tangi ni dogo, apewe yeye kwanza.